Tovuti ya Mzee Mwenye Mvi

Juzi, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya Lindi, nilikaa meza moja na bwana shamba mstaafu ambaye siku hizi anajitafutia riziki kwa kutengeneza tovuti. Mteja wake, kijana mwenye nyumba ya wageni, akaja kuona kazi. Akatoa shikamoo, akapokea kompyuta kwa mikono miwili, akaitazama kama mtu aliyeonjeshwa shubiri ukweni.

Tovuti ilikuwa ya zambarau, na maandishi ya njano yakiwakawaka kama taa za harusi.

"Kuna pa kurekebisha?"

"Hapana, mzee. Nzuri sana."

Kisha akamkonyeza mama muuza chai. Kabila la mama na la mzee ni watani, hivyo baina yao hakuna tusi linalouma. Mama akachungulia.

"Mtani, hii nyumba ya wageni au jeneza lako? Nani atalala humo? Futa!"

Mzee akacheka mpaka akapaliwa, akaanza kufuta. Kijana akashusha pumzi.

Mimi ndiye niliyerudi nyumbani bila raha. Mhariri wangu naye ni kijana. Kila nikimpelekea safu hii, huanza na shikamoo, kisha husema, "Nzuri sana, mzee."