Erasmo wa Milola Ameshahudumiwa

Mjomba wangu alizaliwa Klementi, na Klementi ndilo jina alilobatizwa. Ni mkulima wa korosho pale Milola. Kwa kupogoa mikorosho alikuwa na mkono ambao watu walikuja kuuomba kutoka vijiji vingine, kwa kuwa mti alioupogoa yeye ulipitisha jua mpaka chini na bado ukabaki na kivuli cha kulalia.

Kisha mzee Erasmo, mjomba wake yeye, akafariki. Kwetu jina la mkubwa wa ukoo halizikwi. Wazee hukaa, humchagua mpwa mmoja, humvika kanzu ya marehemu na kumkalisha kwenye mkeka wake, na tangu saa ile mpwa huyo ndiye yeye. Watoto wa marehemu humwita baba. Atakayeteleza akamwita kwa jina la zamani hutozwa kuku. Na hakuna anayekwenda ofisini kuandikisha kifo, maana amekufa nani, na Erasmo huyo hapo amekaa anakula?

Hivyo Klementi akawa Erasmo. Akalea watoto, akatunza shamba, akaamua ugomvi wa mipaka. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ukungu ulipomwingia machoni. Alianza kwa kukata matawi mabichi akidhani ni makavu. Baadaye akajikata mguu, na Romana, binti wa marehemu, akamfichia panga. Mtu ambaye mikono yake ilikuwa ndiyo heshima yake akabaki kukaa barazani, akiuliza kila anayepita kama mikorosho imeshachanua.

Madaktari wa macho walipotangaza kambi ya upasuaji wa bure Lindi mjini, tulifurahi. Hata mzee Erasmo wa kwanza alitibiwa kwenye kambi kama hiyo, akaona vizuri mpaka siku anaingia kaburini. Mhudumu wa afya wa kijiji akaandika kwenye simu yake: Erasmo, Milola, macho yana ukungu mweupe. Mimi nikamshika mjomba mkono tukaenda.

Penye hema la mapokezi alikuwapo dada mmoja, Sauda, na kompyuta yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akatafuta jina, akatafuta tena. "Baba, hapa inaonyesha Erasmo wa Milola ameshahudumiwa. Macho yote mawili, kambi iliyopita."

Mjomba akacheka. "Mwanangu, ningekuwa nimehudumiwa ningekusifia ushungi wako."

Nikamweleza Sauda habari ya kurithi jina. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwa mzee Yassini wa Rutamba, mtani wetu, naye akadakia: "Jamani nipisheni! Marehemu kafufuka kaja kutibiwa! Kwani huko ahera hakuna daktari?"

"Yupo," mjomba akajibu, "ila ameniagiza nikuchukue wewe kwanza."

Foleni yote ikacheka. Hata Sauda alicheka, kisha akanigeuzia kioo nione.

Sasa nieleze, kwa sababu mimi nilisoma mambo haya chuoni na niliyasifia mno. Wahudumu wa vijijini huandika kwa maneno ya watu: ukungu mweupe, wingu jichoni, jicho la maziwa. Hospitali huandika mtoto wa jicho. Akili mnemba husoma maandishi ya pande zote mbili, hutambua kwamba yanazungumzia jambo moja, na huunganisha taarifa za mgonjwa mmoja pamoja. Ni kazi nzuri! Miaka yote maneno ya wanyonge yalitupwa kwa kuwa si ya kitabibu, na hatimaye kikapatikana kitu cha kuyasikiliza. Kwa mjomba wangu iliyaelewa maneno yote. Ukungu mweupe ilijua ni mtoto wa jicho. Milola ilijua ni Milola. Erasmo ni Erasmo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Erasmo yeyote amekufa. Ikamtoa kwenye orodha ya wanaosubiri, ikamaliza kazi yake.

"Lakini mtazame!" nikasema. "Chukua tochi ummulike!"

"Kaka, namwona," Sauda akasema taratibu. "Wodini wanapokea waliomo kwenye orodha tu."

Akamwita msimamizi wake, Bwana Majid. Huyo hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepata wa kumchukia. Aliuliza cheti cha kifo, hatuna. Akafikiri. "Basi mzee mwenyewe atamke kwamba Erasmo amefariki na yeye ni Klementi. Nitaandika, nitatuma."

Mjomba akavua kofia. Mrithi wa jina hatamki neno hilo. Kulitamka ni kumtoa mtu nyumbani kwake. Alisimama akiipapasa kofia ukingoni, akigeuza uso huku na huku kana kwamba anamtafuta mtu wa kumwomba ruhusa.

"Erasmo amekufa," akasema. "Mimi ni Klementi."

Yassini hakutania. Alisema tu, "Pole, mtani."

Bwana Majid akaandika. Jibu likaja kwenye kioo: Klementi wa Milola, hakuna taarifa kutoka kijijini. Kweli, nani angeandika habari za Klementi? Sasa ilibidi mhudumu wa kijiji aandike upya, kisha mashine isome upya maandishi yote, na hilo lingefanyika kambi ikishafungwa. Tulipiga simu kwa wataalamu wa mashine. Wakasema wao hawaamui nani atibiwe. Bwana Majid akasema wanaoamua ni madaktari. Nikamkimbilia daktari nje ya wodi. Akainua kope za mjomba kwa kidole, akatabasamu. "Huyu kazi yake ndogo sana. Ataona vizuri kabisa. Niletee karatasi yake inayotoka kwa Majid."

Nilipiga kelele pale. Nilisema yote ninayoyaamini juu ya haki na nchi hii. Mlinzi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umesema kweli, mdogo wangu," na akafunga geti.

Tulikaa mpaka mahema yalipokunjwa.

Tulipofika Milola, Romana alitoka mbio akasimama mbele yetu, amejifunga kanga mpya aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. "Baba! Haya nitazame, nimevaa rangi gani?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Romana, niite Klementi. Baba yako nimemzika Lindi."

Romana akanigeukia mimi. Nikaanza kumweleza habari za maneno ya kijijini na ya hospitali, na jinsi mashine inavyoyaunganisha, nikaishia katikati. Mjomba bado alikuwa amesimama, amenyoosha mkono mbele akingoja wa kumwingiza ndani, na sisi wawili tulimtazama bila kujua tumwite nani.