Kaa la Moto Nililomnyima Jirani

Jana nilikitupa kitabu ukutani. Nikakiokota upesi, maana ni cha mke wa mchungaji, na mwanangu mgongoni alikuwa ameshtuka analia. Ni hadithi ndefu ya Kidachi: mtu wa huko kwao Ujerumani amekaa kwenye nyumba ya mawe anajiuliza, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu mwema anaweza kumfungia mwenzake mlango. Karatasi zote hizo! Bibi yangu alilijua jibu, na herufi hata moja hakuijua.

Ungeliona tembe letu wakati ule, ndugu yangu, kabla reli haijafika Dodoma. Paa la udongo, ndama humo humo ndani, harufu ya samli na mlenda. Aliyezimikiwa moto alikuja alfajiri na kigae cha chungu, akasalimu "Mbukwa," akachotewa kaa. Bibi alikuwa akisema, "Moto hauna mwenyewe."

Mimi nilikuwa msichana wa misheni, wa kwanza kusoma pale kwetu, na kichwa kilinivimba. Asubuhi moja ya mvua, bibi yuko zizini anakamua, jirani akaja na kigae chake.

"Mdogo wangu, nichotee kaa. Mtoto anatetemeka."

"Sali Baba Yetu kwanza."

Akacheka, akidhani namtania. "Mama wee, nimekuja na kigae, sikuja na kitabu."

"Basi hupati."

Akajaribu. Akakwama kwenye neno la tatu, nami nikacheka. Mtoto wa mtu ana homa, mimi nacheka! Akaenda tembe la mbali. Nilimwona akirudi, amekiinamia kigae, manyunyu yakamzimia kaa njiani, akageuka kwenda kuomba tena.

Nilipomsimulia mwalimu, alinisifu mbele ya darasa. Hapo ndipo panaponichoma: nilifurahi.

Bibi aliposikia, hakunipiga. Alinipa kigae cha makaa nikampelekee. Jirani aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na jiko lake lilikuwa tayari linawaka. Mtoto alipona. Ila kwetu hakuomba moto tena. Kila alipozimikiwa alipita mlangoni na kigae, "Mbukwa, mdogo wangu," akaenda zake mbali.

Siku hizi viberiti vinauzwa stesheni. Bibi hayupo, jirani alihama, tembe limebomoka. Kila alfajiri nawasha moto mkubwa kuliko ninaouhitaji, mlango nimeuacha wazi, na hakuna anayekuja na kigae.