Sufuria za Kaptembwo

Asubuhi hiyo niliondoka mtaani kwetu Kaptembwo bila mpango. Nilimwachia jirani ufunguo, nikaifuata barabara ya Njoro kwa miguu. Nimeishi hivyo tangu nilipoacha shule darasa la saba. Nikitamani kujua kilicho mbele, siwezi kukaa.

Langoni pa chuo kikuu niliona mahema meupe. Askari aliniambia idara ya sosholojia inasherehekea miaka tangu ilipoanzishwa, na walioalikwa ni waliosoma hapo. Akavitazama viatu vyangu.

"Wewe ulimaliza lini, boss?"

"Sikusoma hapa. Niliwafundisha."

Alicheka, akanipisha.

Ulikuwa mzaha, lakini wenye ukweli ndani yake. Miaka mingi iliyopita wanafunzi wa idara hiyo walikuja kuhesabu familia za Kaptembwo, nami nikawa nawatembeza. Kwao kila mlango ulikuwa familia moja. Nikawaona wakiwaandika vijana watatu wa mama muuza mboga kama familia ya peke yao, kwa kuwa walilala ploti ya pili, kwenye vyumba vingine vya kupanga. Chumba cha mama kilikuwa hakiwatoshi. Nikamwambia msichana aliyeshika karatasi aache milango, aulize kila mtu anakula kwenye sufuria ya nani. Akarudi kwenye ploti ya kwanza na kuanza upya. Wenzake walimnunia, maana jua lilikuwa kali.

Sikupata kujua kama neno langu lilifika chuoni au liliishia vumbini kwetu. Sasa nilitaka kujua.

Nilikaa nyuma kabisa. Walisimama machifu, walimu, na mzee mmoja aliyewahi kuketi na majirani wa Kuresoi waliogombana, mpaka wakapatana na kulimiana tena viazi. Wote walisema idara iliwafunza kusikiliza kwanza. Halafu akasimama mkuu wa idara, mama wa miwani. Alisema hapo hakuna mwanafunzi anayepewa karatasi ya maswali kabla hajajua kuhesabu sufuria.

"Hilo halikutoka kitabuni," akasema. "Tulifunzwa na mtu wa Kaptembwo. Sikumuuliza jina, na kosa hilo ni langu."

Ndipo nikamtambua yule msichana wa karatasi, nikajikuta nimesimama. "Ni mimi, mwalimu."

Akavua miwani, akanitazama. "Mzee, umezeeka."

"Na wewe siku hizi huchomwi na jua."

Hema zima lilicheka. Akaniita mbele. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza wamhesabu wapi mtu anayekula hotelini kila siku.

"Muulize akiugua analetewa uji na nani," nikamwambia.

Niliona kalamu zikiinama, safu baada ya safu. Sijawahi kujivuna hivyo maishani.

Mchana basi la wanafunzi lilikuwa linaenda Kuresoi kufanya utafiti. Mama yule akaniomba niandamane nao. Sikuwa nimewahi kufika huko, kwa hiyo hakuhitaji kuniomba mara mbili. Kabla hatujaondoka aliniuliza majina yangu yote matatu, akayaandika.

Tulifika jioni, ukungu umeshuka mashambani. Lojing ya kulala wageni ilikuwa nyuma ya ghala la viazi. Mwenye nyumba alipokea orodha ya watafiti, akapitisha kidole taratibu. Jina langu lilikuwa la pili, chini ya la mkuu wa idara. Akanipa ufunguo na blanketi mbili, akaniambia huku kwao baridi haina mchezo.