Nani Alibeba Sanduku

Kitabu hicho nilikipata kwenye stoo ya shule nilikokuwa nikifundisha, Kitui, miaka ya sabini mwanzoni. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa, pamoja na jina la mwandishi. Ilikuwa hadithi ya zamani ya kuchekesha, kuhusu mwanamume aliyefukuzwa kazi mjini akaona haya kurudi kijijini mikono mitupu. Akajaza mawe kwenye sanduku lake, ili watu wauone uzito wake wamheshimu. Nilicheka peke yangu mle stoo mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Likizo ya Agosti nilikibeba hadi kwetu Makueni. Mama alikuwa kwenye mwethya, kikundi cha akina mama waliochimba matuta ya kuzuia udongo, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wakipumzika niliwasomea, nikitafsiri kwa Kikamba papo hapo. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa, maana kila mtu alisikia kitabu chake. Mjane mmoja alimcheka chifu wa mle kitabuni aliyempokea yule mwanamume kwa heshima zote. Mwenyekiti wa akina mama kanisani hakucheka hata kidogo. Alitaka kujua kama mtu huyo alitubu mbele ya ushirika, na niliposema hakutubu, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyapakia yale mawe.

Mama aliuliza swali moja tu: nani alibeba sanduku? Nikapekua kurasa. Mwandishi hakusema. Sanduku lilitoka barabarani likafika nyumbani, basi. Mama akainuka, akarudi kuchimba kabla ya wenzake.

Udadisi ni ugonjwa wangu. Jioni, jikoni, nilimuuliza mpaka akachoka nami. Akaniambia kwamba mwaka ule Baba alipoachishwa kazi ya reli, alishuka basi pale Malili na sanduku kubwa. Yeye ndiye aliyelibeba, kamba ikiwa kwenye paji la uso, mwendo wa nusu siku, na njia nzima alisikia mawe yakigongana. Zilikuwa kokoto za reli. Baba alizimwaga kisiri nyuma ya ghala, na Mama hakusema neno kwa miaka kumi na sita. Nilizijua kokoto hizo. Nilizichezea utotoni, nikizirusha na kuzidaka, bila kujiuliza zilitoka wapi.

"Usimwambie najua," alisema. "Hiyo heshima ndiyo kitu alirudi nacho."

Niliogopa, nikakificha kitabu chini ya godoro. Lakini Baba, ambaye sasa alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa amesikia watu wakikisifu, akakidai. Ningekataa kwa sababu gani? Jumapili baada ya ibada alikaa kando ya nyumba na miwani yake, akasoma. Mama alikuwa hatua chache kutoka kwake, akiambua mbaazi mbichi. Mimi nilijifanya nashona kifungo.

Alipofika kwenye sanduku, Baba alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Hilo sikulitarajia kabisa, na hata leo sijui kama alijiona mle ndani au alimwona mtu mwingine. Akasema huyo jamaa hakuwa na akili. Angeyafunga yale mawe kwa blanketi, yasingepiga kelele.

Mama hakuinua macho. "Wewe uliyafunga na blanketi," alisema. "Na bado yalilia, kutoka Malili mpaka hapa."

Kicheko kilikatika. Sindano ilinidunga kidole na sikuthubutu kusogea. Nilimwonea Baba huruma, na papo hapo, lazima nikiri, nilitamani sana kujua atasema nini. Kisha Baba akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwa nini basi Mama hakulitua sanduku njiani akayamwaga.

"Majirani walikuwa wanaangalia," Mama alisema.

Baba alikifunga kitabu. Akavuta kigoda chake hadi kwenye ungo, akaanza kuambua mbaazi pamoja naye, kazi ambayo sikuwa nimewahi kumwona akiifanya. Aliziponda nyingi kwa vidole vyake vinene. Mama alizikusanya hizo zilizopondeka, akazitia sufuriani pamoja na zile nzuri.