Uzi wa Njano Ndani ya Kofia

Miaka ile mamluki wa kigeni walipovishika visiwa vyetu, askari wa bandari ya Mutsamudu walipekua kila kitu, hata sanduku letu la kofia. Mama alikasirishwa zaidi na vidole vyao vichafu kuliko bunduki zao. Kofia zile zilikuwa zikienda Moroni, kwa mfanyabiashara aliyewauzia mabwana harusi wa ndoa kuu, ile harusi ya fahari inayompa mwanamume cheo cha mzee.

Tulikuwa wanawake sita uani kwetu, tukitoboa vitundu na kuvizungushia uzi. Ndani ya kofia kila mmoja alitia uzi wa rangi yake, ili kosa lijulikane ni la nani. Wa mama ulikuwa wa njano. Kabla ya kutuma mzigo alichukua kofia moja ya kila mshonaji, akaifua, akaipiga wanga, akaianika. Kitundu kikifumuka, kazi yote ya mwenye rangi hiyo inakaguliwa upya na mwenzake. Tulimwita jemadari, kwa kunong'ona lakini. Mpaka leo naitamani harufu ya wanga wa uani ule.

Shida ilikuwa wateja. Kule Ngazija, kisiwa cha Moroni, mwanamume aliyekwisha kufanya ndoa kuu halalamikii kofia; ni kujishushia heshima. Humpa mpwa wake, akanyamaza, akanunua kwingine. Basi mama alimwomba mfanyabiashara awaangalie wapwa msikitini siku ya Ijumaa, awaulize kwa upole kofia za wajomba zao zina kasoro gani, kisha amrudishie zilizoharibika. Hivyo ndivyo tulivyojua kuwa wazee wanataka kofia yenye kina zaidi, isiyonyanyuka chini ya kilemba. Tukaongeza kina, na maombi ya kofia yakaongezeka.

Mwaka mmoja zikarudi tatu, zimefumuka. Mama akazipindua mkekani mbele yetu. Zote zilikuwa na uzi wa njano.

Macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia, na sote tulijua.

"Sheria ni ile ile," alisema. Akanisogezea kazi yake, mimi binti yake, niwe nikiikagua kabla haijaingia sandukuni.

Kofia ya kwanza aliyonipa ilikuwa na vitundu vinne vilivyolegea. Alikuwa ameishona mwezi mzima. Nikaipitisha. Nilimwonea huruma mama, huyo mteja wala simjui.

Ikarudi. Mama akaipapasa polepole kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hii uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Basi mtu kaaibika harusini kwake kwa sababu wewe umenihurumia mimi."

Nililia kwa aibu, maana alisema kweli. Kesho yake akaniletea nyingine, akakaa mbele yangu akisubiri. Niliigeuza juani, nikaigeuza tena, nikamrudishia.

"Haifai, mama."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia ahsante.