Madume ya Nyigu wa Kasulo

Mtafiti yule alifika Kasulo mwaka uliofuata ule ambao kambi ya Benaco ilijaa wakimbizi, na kitu cha kwanza alichoshusha kwenye gari kilikuwa rundo la mabakuli ya njano. Mimi nilikuwa bibi shamba wa kata, na mwenyewe nilikuwa mgeni, maana kwetu ni Runazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema amekuja kutafuta nyigu.

Wakati ule hatukumwamini mtu. Aliyepita na begi tulijiuliza ni wa upande gani kabla hatujamjibu salamu. Kesho yake mwenyekiti wa kijiji aliniita ofisini.

“Nyigu gani?” akauliza. “Mbona wamejaa kwenye dari hii? Wewe ni mtu wa kilimo, akikuona hatashtuka. Fuatana naye, halafu uniambie anachofanya.”

Nikafuatana naye. Kwenye mteremko juu ya barabara kulikuwa kumebaki kipande cha msitu, na huko ndiko alikoyapanga mabakuli yake. Alitia maji na sabuni kidogo, akaondoka, akarudi baada ya saa chache kuchuja. Wanawake waliokuja kuokota kuni walisimama mbali wakinong'ona Kihangaza. Walisema anajaribu sumu ya kutia visimani. Nilichungulia bakuli moja nikaona viusubi tu.

“Huyo hapo,” akaniambia, akinionyesha kitu mfano wa vumbi kwenye ncha ya brashi yake. “Hutaga ndani ya yai la mdudu mwingine. Mtoto wake hulila yai lile kutoka ndani. Nadhani huyu bado hajaandikwa na mtu yeyote.”

Niliitikia kwa kichwa. Moyoni nilijiuliza mtu gani mwenye akili timamu anaacha kazi yake mjini, katika kipindi kama kile, aje kutafuta kitu kisichoonekana.

Alikuwa amepewa chumba nyuma ya ghala la kahawa. Siku ya tisa nilimpelekea mihogo ya kuchemsha, sikumkuta. Daftari lake lilikuwa wazi mezani. Nikaona mchoro: mstari mmoja mnene uliopinda ukaishia kwa kifundo, na chini yake nukta nyingi mno zimejipanga safu kwa safu, zenye namba pembeni. Ile ilikuwa barabara yetu inayopanda kutoka mpakani, na nukta zile zilikuwa mahema ya kambini. Nililifunga daftari kwa uzi wake, nikalificha ndani ya khanga, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamwonyesha, nikalifunga tena.

Hakupoteza muda. Mgambo wawili walimleta mtafiti ofisini pamoja na sanduku lake. Mimi nilikaa pembeni kama niliyeitwa kwa bahati tu. Ndani ya sanduku mlikuwa na hadubini na vichupa vidogo vyenye maji maangavu. Mgambo mmoja alizibua kimoja, akanusa.

“Hii ni gongo,” akasema.

“Ni spiriti ya kuhifadhia wadudu,” mtafiti akajibu. “Tafadhali, usimwage.”

Alikwisha kumwaga. Akamwaga na cha pili, na cha tatu, ili aone kilichofichwa chini. Mtafiti alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akapapasa, kisha akaacha, kwa kuwa spiriti ilikuwa imeshanywewa.

“Hao walikuwa madume,” akasema polepole. “Majike nimebaki nayo. Madume nilikuwa nayo manne, yote yalikuwa humo.”

Hakugomba. Aliomba meza isogezwe dirishani, akaiweka hadubini, akaniita nitazame kwanza. Niliona bawa. Ukingoni mwake ulipita mshipa mmoja mnene uliopinda, na bawa zima lilikuwa na vinyweleo vilivyosimama kwa safu. Namba za daftarini zilikuwa hesabu ya vinyweleo hivyo. Nikampisha mwenyekiti.

Mwenyekiti naye alitazama, akamrudishia daftari, akakaa kitini. “Nimeona,” akasema. “Lakini picha mtu anaweza kuiweka humo ndani. Una siku tatu, mzee, kisha uondoke.”

Siku hizo tatu tulitafuta madume pamoja. Alinieleza kwamba mdudu mpya hupewa jina baada ya kulinganishwa na ndugu zake wote wanaojulikana, na kwamba mmoja huchaguliwa awe shahidi wa wengine milele. Jike peke yake lingetosha, ila maelezo yangekuwa nusu. Shoka zilisikika pande zote za mteremko. Kila tulipopanda, miti ilikuwa imepungua. Waliokata walikuwa wa kambini na wa kijijini pia. Hatukupata dume hata moja.

Siku ya mwisho, akifunga mizigo, alisema bila kunitazama, “Aliyechukua daftari alizungusha uzi mara mbili, akaficha na ncha. Mgambo hawana subira hiyo.”

Nilisema nitamletea maji ya safari. Nikatoka nje.

Kambi ilikuwa imeshafungwa miaka kadhaa, nami nimehamishiwa Biharamulo, bahasha yake iliponifikia. Ilikuwa na kurasa chache za Kiingereza na mchoro wa bawa lile lile. Nilizisoma na kamusi mkononi. Mahali: Kasulo, Ngara. Dume: halijulikani. Chini kabisa, kwenye shukrani, kulikuwa na jina langu. Jina lile lilininyima raha. Sikujua kama alinishukuru au alinisuta, na wiki nzima nililisoma kama mtu anayetafuta mtego.

Hatimaye nilimwandikia nikakiri kila kitu. Jibu lilikuja fupi. Hakugusia daftari. Aliuliza kama visiki vya mteremkoni vimechipua, na kama ningeweza kutazama chini ya majani iwapo kuna mayai ya wadudu.

Nilipanda gari hadi Kasulo. Visiki vilikuwa vimechipua kufikia kiuno. Niligeuza majani mpaka jua likapita utosi, sikuona yai hata moja, nikamwandikia hivyo.