Mke wangu alisema amemnyonyesha Daudi, viza ya vijana ikakwama

Asalamu alaikum wakuu, na ndugu zangu wasiokuwa Waislamu nnawaamkia kwa heshima zote.

Mimi ni mtu mzima, nnasoma humu zaidi ya ninavyoandika. Nimeona nyuzi za vijana wanaohangaika na viza za mwenza, lakini kisa kama chetu sijakikuta. Nitakayosema yametokea nyumbani kwangu. Majina nimebadilisha na nchi walipo vijana siitaji. Mengine ni kama yalivyokuwa, na Mungu ananiona ninavyoandika.

Nipo Muscat, upande wa Al Khoudh. Nimezaliwa Unguja, nikaja huku kijana, nikafundisha skuli mpaka nikastaafu. Siku hizi nnasomesha darsa ndogo msikitini baada ya alasiri, mambo ya ibada na ya ndoa.

Nna mabinti wawili, na nna Nasoro.

Nasoro ni mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye alifariki siku aliyomzaa. Mke wangu, Bi Moza, wakati ule alikuwa ananyonyesha binti yetu mkubwa, akamchukua na Nasoro akamnyonyesha pamoja naye. Kwa dini yetu hilo linamfanya Nasoro kuwa mwanetu wa kunyonya. Mabinti zangu ni dada zake, hawezi kumuoa hata mmoja, na akiingia ndani hawana haja ya kujifunika. Hili ni kweli tupu na mtaa mzima unalijua.

Lishikeni hilo, maana mambo yalianza kuharibika hapo.

Nasoro alikwenda kusoma ng'ambo, akapata kazi ya uhandisi, akabaki. Huko akakutana na Daudi, kijana wa Morogoro, Mkristo, mpole na mcheshi. Wakakaa nyumba moja. Sisi tuliambiwa ni rafiki yake. Miaka ikapita, hakuna aliyeoa, na kila Nasoro akipiga simu Daudi yupo nyuma anatusalimia. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilijua tu. Kuna jambo unalijua na hulipi jina, kwa sababu ukilipa jina itakubidi ufanye kitu.

Kabla hamjanishukia: sijabadilisha nilichosomeshwa, na humu sikuja kuomba fatwa wala kuitoa. Lakini mtoto niliyemlea kwa mikono yangu sikuweza kumfungia mlango, na namshukuru Mola kwamba sikumfungia.

Sasa, sikukuu moja walikuja wote wawili.

Kwetu mgeni mwanamume hukaa majlisi, chumba cha mbele chenye mlango wake wa nje. Analala huko na chakula anapelekewa huko huko. Daudi naye tukamuweka majlisi. Bi Moza alinuna tangu siku ya kwanza, kila akitoa sinia anasema, "Mtoto anakula peke yake kama yuko spitali."

Asubuhi ya Idi nikarudi kutoka kusali, nikamkuta Daudi jikoni. Kakaa kwenye kibao, anamenya vitunguu thomu, anawasimulia mabinti zangu habari za Morogoro na wanacheka mpaka machozi. Na nyuma yangu tu akaingia jirani yetu, Bi Salma, na sahani ya mkate wa kumimina.

Bi Salma akasimama palepale. "Na huyu nani?"

Bi Moza hata hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Mwanangu. Nimemnyonyesha pamoja na Nasoro. Mamake alikuwa akifanya kazi hapa kwetu, akaugua."

"Mbona mimi sijapata kumsikia?"

"Utamsikia wapi na wewe husikilizi, kazi yako kusema tu! Weka sahani hiyo, kaa ule."

Bi Salma akakaa, akala.

Tulipobaki wawili nikamwambia mke wangu, "Moza, hayo ya maziwa si maneno ya kuchezea."

"Ulitaka nseme nini? Haya, maalim, nipe wewe neno la kusema, nkaseme hilo."

Nikachukua sinia la kahawa, nikatoka nalo majlisi.

Kwa wasiojua uzito wake: kunyonya katika dini yetu kunaweka mipaka ya nani amuoe nani na nani ajifunike mbele ya nani. Ni jambo nnalolisomesha mimi mwenyewe. Na kuanzia siku ile Daudi akawa kaka wa nyumba. Binti wa ndugu yangu mmoja akauliza kwenye grupu la familia huyu kijana wa kwenye picha za Idi ni nani, na Bi Moza akaandika kwa mkono wake: "Daudi si mgeni, hao wote wawili nimewanyonyesha mimi."

Tukasahau.

Kisha kibali cha masomo cha Daudi kikakaribia kwisha, wakaomba viza ya mwenza. Nchi ile inawakubali wanaume wawili, ila lazima waoneshe kwamba ni wenza kweli na si watu wanaotafuta makaratasi tu. Wanatakiwa kutoa mkataba wa nyumba, akaunti ya pamoja, picha, na ushahidi kwamba familia zinawajua.

Wakuu, hapa ndipo watu kama hawa wanapopata tabu. Wanaambiwa wathibitishe kitu kile kile walichotumia miaka kukificha. Picha ambazo wengine wanazitundika ukutani, wao walikuwa wanazifuta kwenye simu kabla ya kupanda ndege ya kuja Muscat. Familia ya Daudi ilishamkataa. Familia iliyobaki ni sisi, na tulichokuwa nacho ni salamu za Idi na za Ijumaa kwenye grupu. Nasoro akazikusanya zote, akazipeleka kwa mfasiri, akaambatanisha kwenye application. Hakuzisoma moja moja.

Ofisi ilizisoma moja moja.

Nasoro akanipigia. "Baba, wanauliza kama mimi na Daudi ni ndugu. Wameona maneno ya Mama. Wanasema kama tumelelewa na mama mmoja, basi hii application haiwezekani."

"Wakikataa?"

"Daudi anarudi Tanzania. Na mimi ntamfuata. Na unajua, Baba, kule hatuwezi kukaa nyumba moja. Wala huko kwenu."

Alisema kwenu. Mtoto aliyekulia chumba cha pili kutoka changu.

Walitaka mtu wa nyumba hii aulizwe kwa simu. Bi Moza alikuwa tayari, lakini ofisi ilimtaka mtu mwingine, asiyekuwa yule aliyeandika. Nikabaki mimi. Wakaniuliza lugha gani. Kiingereza nnakijua cha skuli, nikachagua Kiswahili, lugha nnayoombea dua. Wakasema watatupigia wiki ile, muda wowote wa kazi, na mkalimani atakuwa kwenye laini.

Wiki ile sikujua nnachokula. Nchi nnayoishi sheria zake nnazijua. Msikiti nnaosali watu wake nnawajua. Na Kitabu nnachosomesha kinakataza kuuficha ushahidi, na kinasema moyo wa anayeuficha umeingia dhambini. Nikinyamaza nimewabomolea vijana, nikisema nimejiweka wazi mbele ya watu nisiowaona. Nilisali istikhara, sala ya kumuomba Mungu uongozi, zaidi ya mara moja. Jibu lililokuwa likinijia ni kwamba mimi nimeulizwa ushahidi tu, na hukumu si yangu.

Bi Moza naye alikuwa na lake. "Usiende ukaniita mwongo mbele ya wazungu."

"Ntakuitaje basi?"

"Niite mama yao."

Simu ikaja tuko Matrah, sokoni, Bi Moza anabishania bei ya ubani. Namba ilikuwa ya nje, nikapokea nikaomba wanisubiri. Nikamshika mkono tukatoka haraka mpaka kwenye gari, tukafunga milango, tukapandisha vioo, nikaweka spika. AC ilikuwa inapiga kelele, sisikii kitu.

"Zima," Bi Moza akasema.

"Tutaungua."

"Zima, tuungue."

Nikazima. Wanaojua jua la Muscat watanielewa.

Kwanza akasema mzungu, mwanamume. Kisha mkalimani. Alikuwa mwanamke, na aliposema neno la kwanza tu nikaijua lafudhi yake. Yule si mtu wa bara. Ni Unguja, tena Unguja ya mjini, kama anaongea kutoka uani kwa mama yangu. Wakuu, sisi watu wa Unguja tulivyo wachache na tulivyotawanyika, ukimkuta mmoja ng'ambo ana shangazi yake Muscat. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe wa wapi?"

"Mzee, samahani. Mimi hapa natafsiri tu, na kila utakalosema nalitafsiri. Naomba tusiulizane."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata. Bi Moza akanitazama. Sikukata.

Ofisa akaniuliza, kupitia kwa mkalimani, kama mke wangu aliwanyonyesha wote wawili. Nikasema hapana, amemnyonyesha Nasoro peke yake. Daudi tumemjua mtu mzima, na hana damu wala maziwa ya kwetu. Akauliza, kwa nini basi mke wako aliandika vile?

Kabla sijajibu Bi Moza akaivamia simu. "Mwambie asimuulize yeye, nliyesema ni mimi!"

Mkalimani akalitafsiri hilo pia. Nikamsikia mzungu anacheka kidogo, kisha akasema haya, mama aseme.

"Mwambie hivi. Kwetu mgeni hula majlisi. Mimi nlitaka huyu mtoto ale jikoni pamoja na wenzake. Njia ya kumtia jikoni ilikuwa hiyo moja, nkaipita. Mola atanisamehe. Na yeye asamehe."

Mkalimani alitafsiri polepole. Kisha likaja swali lenyewe, kwangu mimi. "Ofisa anauliza, kwa unavyojua wewe, Nasoro na Daudi ni nani kwa nani?"

Jasho linanitiririka mpaka kwenye kola ya kanzu. Nilikuwa sijapata kulisema hilo kwa mtu yeyote, hata kwa mke wangu, hata kwa Nasoro mwenyewe.

Nikasema, "Ni wenza. Wanaishi pamoja kama watu wa nyumba moja wanavyoishi. Mmoja akiumwa, mwenzake ndiye anayekesha. Nnashuhudia hilo, na Mungu ni shahidi juu yangu."

Yule mwanamke akalitafsiri neno kwa neno.

Wakashukuru. Mzungu akaaga. Na kabla laini haijakatika, mkalimani akasema kwa sauti ya chini, "Ahsante, maalim."

Nikawasha AC lakini baridi niliyoisikia haikutoka kwenye AC. Jina la kazi yangu sikulitaja popote.

"Kaniita maalim," nikasema.

"Mimi nimekuita maalim pale, kasikia."

"Hukuniita."

"Nimekuita, mbona mbishi?"

Mpaka leo hatujakubaliana.

Kipindi kilichofuata simuombei mtu. Kila anayenisalimia msikitini nnamtazama mara mbili. Siku moja kwenye darsa mzee mwenzangu akanyoosha mkono. "Maalim, mtu akidai fulani kanyonya, kisha akarudi akasema hakunyonya, inachukuliwa kauli ipi?" Nikakifunga kitabu. Nikajibu nilivyosomeshwa, kwamba maziwa yanataka ushahidi, si maneno ya jikoni tu. Baada ya darsa akanifuata. Kumbe mwanawe anataka kuposa, na bibi mmoja wa ukoo kazuia kwa habari za kunyonya ambazo sasa hana hakika nazo. Mzee wa watu hakuwa na habari yoyote ya kwangu.

Nilishukuru, lakini nilirudi nyumbani na aibu. Nikamwambia Bi Moza, yale ya Daudi lazima yafutwe. Maneno kama yale yanakuja kumzuia mtu ndoa ya halali.

Viza ilitoka, alhamdulillahi. Nasoro alipiga akashindwa kusema. Simu akaichukua Daudi, akasema "Mzee, shikamoo. Imetoka." Kesho yake Bi Moza akajitanda buibui, akaenda kwa Bi Salma, mimi nyuma yake.

"Salma, yule kijana Daudi sijamnyonyesha. Nlisema uongo."

Bi Salma alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Najua."

"Unajua toka lini?"

"Toka siku ile. Mwaka aliozaliwa Nasoro nyinyi hamkuwa na mfanyakazi. Nliyekuwa nkifua nepi zenu ni mimi."

"Mbona hukusema?"

"Nseme nini? Mtoto anamenya thomu vizuri."



Nilichojifunza, wakuu. Kwanza, kwa wenye application kama hii: someni kila neno mnalopeleka, hasa la mama zenu, maana uongo wa huruma ukitafsiriwa huruma inabaki nyuma. Pili, kwa wazee wenzangu: hakuna atakayekutaka ubadilishe dini yako. Utakachoulizwa ni unachokijua. Kiseme kama kilivyo, na hukumu mwachie Mola mwenyewe.

Ila ukweli nao una gharama yake, na sisi tumeiona. Daudi sasa si kaka wa mabinti zangu. Wakija sikukuu, anarudi majlisi kama mgeni mwingine. Nilimwambia Bi Moza hivyo, nikitegemea vita. Siku ya pili akanipeleka Azaiba, kwenye duka la vyombo, akanunua jiko la gesi la mezani, na kibao kipya cha kukalia.

"La nini?"

"La majlisi. Kama hawezi kuja jikoni, jiko litamfuata."

Limeshafungwa majlisi. Vitunguu thomu vinamsubiri.

Karibuni mchangie, kwa adabu tu. Na kama humu yumo binti wa Unguja anayetafsiri kwenye simu za viza, sikuulizi wa wapi. Nnakuombea dua kila Ijumaa.